Biele kwenye mizani ya pamba

Wamaza, Jumanne, magaribi

Na kula nimeshindwa. Kamio ya pamba, lori la kuibeba, ilivunja biele moja, ule mukono wa chuma unaosukuma pistoni, na muzungu wa pamba, mwenye kamio na mununuzi wa pamba yetu, akanunua ingine mujini Kasongo. Si ya kiwanda kilichotengeneza kamio, ni ya kuiga. Nilipoishika tu nilisikia ni nzito. Biele moja ikizidi zenzake uzito, moteri inatetemeka mpaka inapasuka.

Nikazipima moja moja kwenye mizani ya soko la pamba. Za zamani zote sawasawa. Hii mupya ikaivuta mizani chini. Nikamwita muzungu aone.

Akacheka. «Achana na mizani hii, fundi, inadanganya kila siku. Funga tu.»

Nimefunga. Kesho Salumu, shemeji yangu, ndiye ataiendesha kamio, na ile milima ya huku… Dada yangu nitamwambia nini?

Juma lililopita mama yangu alileta pamba yake ya mwaka muzima, akapimiwa kwenye mizani ileile. Akalalamika kwamba uzito uliosomwa ni mudogo mno. Muzungu yuleyule akamujibu mbele ya watu wote: «Mama, mizani haidanganyi.»