Aksanti Yenye Nilikataa

Mama,

Ni mimi Leokadia, ule wako wa kichwa kigumu. Wiki tatu zimepita tangu tukuweke chini hapa Mushaki, pembeni ya Papa yetu, na mimi sikukulilia. Mudogo wangu Anastazia alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilichota maji, nikasonga bugali ya wageni, nikafagia kiwanja. Watu wakasema, tazama huyu, roho yake iko jiwe. Basi, waseme. Sista wa misioni alinifundisha kuandika ili nijue katekisimu, lakini hii karatasi iko yako.

Nikupe habari. Muzungu wa ng'ombe amekata kipande cha juu cha shamba letu, wameweka waya ya miiba, na kapita wake, musimamizi wa kazi, amesema tusivuke. Yale maharagi mekundu ulipanda huku unakohoa yameota vizuri. Na Yozefu, kitinda mimba wako, ameitwa kwa kazi ya barabara. Jumatatu anaenda. Barabara ile ile ya Papa. Ninaogopa, Mama, ni wewe tu njo ninaweza kuambia.

Unakumbuka ulivyotusimamisha kila asubuhi pembeni ya shamba, majembe begani? Hakuna jembe lilishuka kabla kila mutu hajamushukuru Mungu kwa kitu kimoja. Na kiwe cha leo. Mimi, kwa uvivu, nilizoea kurudisha cha jana, nawe unasema, "Ya jana imechacha, Leokadia. Leta ya leo." Siku moja nilimushukuru Mungu kwa sababu beberu la jirani halikunikojolea njiani. Ulitaka kunikemea, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kisha Papa. Wanaume wanne walimuleta kutoka kazi ya barabara ya Walikale, ndani ya mukeka. Jiwe lilimuangukia kifuani. Tulipomaliza kilio tukarudi shambani, na wewe, mbele ya sisi wote, ukasema, "Aksanti Mungu, walimurudisha nyumbani."

Nilitupa jembe chini. Nilisema, "Unashukuru kwa maiti? Huyu Mungu wako atakuua na wewe, na utamuambia aksanti!" Mbele ya wadogo zangu nilisema vile. Uliinama, ukaokota jembe, ukanipa.

Toka ile siku nililima peke yangu, kule chini kwenye kijito. Nilianza mapema kusudi nisiwasikie. Yozefu njo aliniambia kwamba kila asubuhi ulisimama ukiningoja mpaka umande unakauka, halafu unasema, "Haya tulime, Leokadia amechelewa." Amechelewa! Misimu mitatu ya kupanda, Mama, na kwako nilikuwa nimechelewa tu. Nilikasirika hata na hilo neno.

Halafu kile kikohozi kikakulaza. Asubuhi ya mwisho nilikuletea uji wa mutama, ukashindwa kumeza. Ulinishika mukono. Ukasema, "Aksanti, mutoto wangu." Haikuwa kwa Mungu. Ilikuwa kwangu, kwa uji wenye hukuweza hata kunywa. Na mimi nikajibu, "Usiniambie aksanti." Nikatoka kumwaga ule uji. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda.

Hayo njo maneno ya mwisho ulisikia duniani. Yametoka kwa kinywa changu. Nimejiambia ilikuwa hasira, lakini ninadanganya. Niliogopa. Nilijua unaniaga, nikafikiri nikikataa hutakwenda. Ee Mama.

Leo asubuhi nilienda kusimama na wadogo zangu. Si kwa sababu ya Mungu, sitakudanganya. Yozefu anaondoka na lazima tumalize palizi. Alisema yake, Anastazia akasema yake. Ikafika kwangu. Nikasema, "Mimi sina."

Majembe hayakushuka.

Nikasema, "Limeni, jua linapanda." Walisimama tu. Nikapiga kelele, "Nimesema limeni!" Anastazia machozi yanamushuka na jembe liko begani vilevile. Yozefu anaangalia miguu yake. Umande ukakauka, jua likaanza kuchoma, tumesimama watu watatu kama wapumbavu, na kapita anatucheka nyuma ya waya yake. Nilitafuta hasira yangu ili niondoke. Nikaikosa.

Nikasema, "Aksanti Mungu kwa hawa wawili wenye wanakataa kulima bila mimi."

Sikumaliza vizuri. Njo hapo nilikulilia, Mama, kwa sauti, kapita na ng'ombe zake wanasikia. Yozefu alinishika bega. Kisha tukalima mpaka saa sita.

Usifikiri nimepona. Ninamuuliza Mungu kila siku juu ya Papa, hajanijibu. Sasa ninamuuliza juu ya Yozefu. Lakini ile aksanti yako niliikataa, na leo ninaipokea, kama bado unaweza kunipa.

Lala, Mama. Umusalimie Papa. Ninakuahidi, kuanzia Jumatatu mimi na Anastazia tutasimama pembeni ya shamba kila asubuhi. Atasema yake, nitasema yangu, na siku nitakosa nitanyamaza tu, lakini nitakuwa pale. Halafu tutangoja zamu ya Yozefu mpaka umande ukauke, na nitasema amechelewa.

Mutoto wako,
Leokadia