Bega Lililo Chini ya Bega

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mkeo, kisha mama, na mama asinune kwa kuwekwa wa tatu, maana najua wewe ndiye utakayemsomea barua hii lakini yeye ndiye atakayekaa nayo mpaka ichakae. Hamjambo wote? Mguu wake unaendeleaje? Na mtoto, ameshasimama au bado anatambaa na kula kila anachookota? Mimi sijambo kiasi. Nakula, nalala, nacheka na watu. Kasoro ni bega la kulia, na habari ya barua hii ni hilo bega, kwa hiyo kaa vizuri. Simu niliiogopa. Ungenikatiza.

Najua unachosubiri kusikia. Kila ukiniandikia unauliza neno moja tu: nafasi. Ni kweli ulivyosikia, hapa ghalani mpagazi akiacha kazi, nafasi yake hupewa ndugu yake kabla ya mtu wa nje. Nyapara wetu, tunayemwita Mzee Stuli kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amesimama, anasema mtu mwenye ndugu yake humu ndani huona haya kuiba. Picha yako niliipata pia, ile umevua shati umetunisha bega. Nilimwonyesha Kibonge, tunayelala naye chumba kimoja, akasema tunafanana mno, ukija yeye Kibonge hatajua amwombe nani sabuni, wewe au mimi.

Sasa sikiliza kazi ilivyo. Kubeba gunia begani si shida. Shida ni kulipandisha. Magunia yanapangwa mpaka karibu na bati, na kwa urefu wangu, safu ya juu imekuwa yangu tangu nianze. Unalisukuma gunia juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka, wenzako wanakuhesabia, na likikaa wanakuita simba. Bega likaanza kuniuma wakati wa kuvaa shati, halafu wakati wa kulilalia. Wapagazi wana dawa yao. Wanasema bega linalouma limelala, na bega lililolala linaamshwa kwa mzigo. Wakaniambia niongeze. Nikaongeza.

Nyuma ya ghala kuna jimu, zamani ilikuwa gereji. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyewahi kushindana kunyanyua vyuma, tunamwita Mwalimu. Tulimsaidia kuingiza mashine zake, naye akaturuhusu tuingie jioni bure. Mimi nikaingia na akili yangu ya darasa la sita: bega linauma kwa sababu ni dogo, basi nilikuze. Mchana kutwa nilisukuma magunia juu ya kichwa, jioni nikawa nasukuma chuma juu ya kichwa. Na kweli likakua, mdogo wangu. Mzee Stuli alikuwa ananipapasa pale juu kama mtu anayenunua ng'ombe.

Jioni moja Mwalimu alinitazama ninavyovaa shati, akaniuliza kama navaa au napigana nalo. Akaniambia niinue mkono pembeni, mtupu, bila chuma. Nikauinua. Akasema hapo nimeinua sikio, mkono bado uko chini, kwa maana bega zima lilikuwa linapanda shingoni kuusaidia. Kisha akauweka mkono wangu usawa wa bega, akanitaka niuzuie usishuke, akaubonyeza kwa vidole viwili. Ukaanguka. Mkono unaopandisha gunia mpaka kwenye bati! Jamaa wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Akanikalisha kwenye benchi akanieleza, na mimi nakueleza wewe vilevile. Ile nyama ya juu unayoitunisha kwenye picha inaitwa deltoidi. Ina pande tatu, ya mbele, ya pembeni na ya nyuma, na sisi watu wa kusukuma tunaijenga ya mbele tu. Ile inayopanda shingoni ni trapezi, ndiyo iliyokuwa ikinivuta sikio. Hizo ni za nje, kila mtu anaziona. Chini yake kuna misuli mingine minne, midogo, hakuna anayevua shati kuionyesha. Kazi yake ni kushika kichwa cha mfupa wa mkono kisihame, kwa kuwa pale begani hakuna shimo la maana, ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Deltoidi ikiuvuta mkono juu, hiyo midogo inalizuia chungwa lisipande. Ikichoka, chungwa linapanda, na kano inayopita juu yake inabanwa na kibaraza cha mfupa kilicho juu. Kila gunia linaisaga kidogo. Msuli wenye kano hiyo unaitwa supraspinatasi. Nilimwambia hilo ni jina la dawa ya minyoo. Akanirudisha nilitamke mpaka nikalishika. Akasema nimemlisha anayevuta, nikawasahau wanaoshika.

Alinipeleka hospitali. Daktari akapiga picha, akasema kano imechanika zaidi ya nusu. Inaweza kushonwa, lakini safu ya juu niisahau. Akasema pia kwamba kibaraza changu kimeinama kuliko cha watu wengi, huenda ni maumbile ya kuzaliwa, na mtu wa namna hiyo hafai kuishi mkono juu.

Nilirudi chumbani nikaitoa tena picha yako. Wewe ukiitazama unaona kifua. Mimi niliona bega la kulia limepanda kuliko la kushoto. Na uliniandikia mwenyewe, kwa kujisifu, kwamba tangu uanze kuinua ndoo za mchanga ujiandae kuja huku, mashati yamekubana, kuyavaa ni kazi. Mdogo wangu, mashati hayana kosa.

Kuanzia hapa soma kimya, mama asisikie.

Nilipoaga kazi, Mzee Stuli aliniita mbele ya stuli yake, wapagazi wote wamesimama, akauliza kama nina ndugu wa kuchukua nafasi yangu. Ningesema ninaye ila sitaki aje, ingekuwa tusi kwa wote walioleta ndugu zao, na walikuwa hapo wananitazama. Tena yeye mwenyewe angekutafuta, na wewe ungekuja mbio. Nikasema sina. Akauliza, hata wa baba mdogo? Nikasema sina, mama alinizaa peke yangu. Kibonge, aliyewahi kuishika picha yako kwa mkono wake, akatazama viatu vyake. Nafasi ikaenda kwa shemeji yake. Kama alinyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili ya shemeji, sijamuuliza. Na huyo shemeji naye ana bega, naye ana mama. Hilo nalijua, na linaninyima raha.

Mimi sasa nafungua jimu ya Mwalimu, nafagia, napanga vyuma vya rafu za chini. Kutuma kwangu pesa kutapungua, waambie mapema. Wewe ziache ndoo. Funga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kitasa cha mlango, bana kiwiko ubavuni, uvute mkono kwenda nje, polepole, mpaka uchoke. Utaona kama mchezo wa watoto. Ukiona bado shati linakusumbua, nenda hospitali.

Kasirika, una haki. Umenisubiri muda mrefu, na nimekunyima kitu kilichokuwa chako bila kukuuliza. Niandikie matusi yote uliyonayo, nitayasoma mpaka mwisho. Lakini usije. Ukija utaniumbua mbele ya watu na kazi hutaipata, kwa kuwa hapa ghalani wewe hujazaliwa.

Msalimie shemeji yangu sana. Mbusu mtoto, mnyanyue juu kidogo tu. Mama mwambie naendelea vizuri, na hilo si uongo kamili.

Ni mimi kaka yako, wa tumbo moja na ziwa moja.