Ukuta Uliotembea Kisian

Baba Zeituni,

Chai iko kwenye chupa, omena nimefunika kwa sahani. ~~Usinifuate.~~ Ukishakula nifuate hospitalini, uniletee leso.

Alfajiri, tulipopigiwa simu twende kulitengeneza, ulisema hakuna gari lenye chumba kinachotoka ubavuni kwa umeme, ukageukia ukuta ukalala. Nikaenda Kisian peke yangu. Lipo! Ni nyumba nzima juu ya magurudumu, imeegeshwa kando ya soko, ya mzee mgeni na mkewe. Usiku walikirudisha chumba ndani kwa sababu ya mvua, na kabla hakujapambazuka kikakataa kutoka. Kitanda kilikuwa kimebana mlango, na mke alikuwa huko ndani akitetemeka kwa malaria. Mzee alikuwa akimpitishia maji dirishani, machozi yakimlengalenga.

Betri ilikuwa na moto wa kutosha na fyuzi ilikuwa nzima, lakini nikibonyeza swichi, kimya. Nikaingia uvunguni, nikafuata nyaya mpaka ule unaofungwa kwenye chasi. Kutu ilikuwa imeula. Nikausugua kwa msasa, nikakaza nati, nikaita, "Mzee, jaribu sasa!"

Mota ikanguruma. Badru, ukuta mzima, na dirisha lake na pazia lake, ukaanza kuja kwetu polepole, na watu wa sokoni wakarudi nyuma wakimtaja Mungu. Mlango ukafunguka. Mama wa watu akatoka, akanishika mkono, na mpaka sasa hataki nimwache. Wananingoja hapo nje niwapeleke hospitalini.

Ukuta ulitembea, mume wangu, na mimi ndiye niliyeuamsha.

Mama Zeituni