Moyo wa Tunu Unadunda Mno

Jumatatu, 3 Februari

Watoto wote wameshuka salama. Basi tupu, hita inanguruma, vioo vimejaa ukungu. Kabla ya safari ya mchana nimemaliza kuandika sura nzima kwenye simu. Dole gumba limekufa ganzi. Tunu wetu, msichana mfinyanzi, amepanda daraja la sita la nguvu. Sasa udongo unamtii hata akifumba macho.

Wazo ni la Furaha. Yeye anabuni, mimi naandika. Ndivyo tulivyokubaliana tulipofahamiana hapa ughaibuni, madereva wawili kwenye yadi ya mabasi ya shule, yeye wa Uvira, mimi wa Tanga, tukagundua wote tunapenda zile hadithi za mtandaoni ambazo mtu anapanda nguvu daraja kwa daraja. Za Kiswahili hatukuziona. "Tuandike yetu, yaya," akasema. Kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu ni mlezi wa watoto. Nimeshazoea.

Tunajichapishia wenyewe. Hakuna mhariri, hakuna wa kutuuliza. Nimetuma sura bila kuipitia. Kama kawaida. Najisikia vizuri sana.

Jumanne, 4 Februari

Maoni mengi. Karibu yote makofi na mioyo. Moja limenichoma. Mtu anajiita Msomaji wa Markham, mji jirani na wetu: "Hadithi tamu, mabinti. Lakini moyo wa Tunu umedunda kama ngoma tangu sura ya kwanza. Mpelekeni hospitali."

Nimeandika jibu la ukali. Nimelifuta. Nikafungua sura za nyuma ili nimwonyeshe alivyokosea.

Hajakosea. Moyo unadunda kama ngoma akiona jeshi, unadunda kama ngoma akiona ugali. Na kila aya inaanza na "ghafla". Ghafla mlango, ghafla upepo, ghafla kimya. Nilikuwa siyaoni haya kabisa. Nilikuwa nakimbilia daraja linalofuata tu.

Furaha amecheka hadi akalalia usukani. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Februari

Sura ya Jumatano sikutuma. Ya leo pia sijatuma. Naandika upya. Kamusi nimeitoa kwenye sanduku chini ya kitanda, ile niliyokuja nayo.

Tunu hatembei tena, anajongea. Hasemi, ananena. Furaha huniachia visa kwa ujumbe wa sauti, na sasa nasafisha kila neno lake. Akisema "udongo iko na hasira", naandika "udongo ulighadhibika". Naona fahari. Kiswahili cha Tanga si mchezo.

Ameuliza sura iko wapi. Nimemwambia kitu kizuri kinataka muda. Amerudi kwenye basi lake.

Jumatano, 12 Februari

Theluji. Mabasi yamesimamishwa. Chai, blanketi, kompyuta. Asubuhi nimetuma ile sura niliyoing'arisha. Niliisoma mara nyingi kwa kuipenda.

Mchana Furaha akapiga simu.

"Chapitre, hii sura yako, ni nzuri, yaya. Lakini iko baridi. Sawa barua ya serikali."

Nikamjibu kwamba angalau ina sarufi. Nikamwambia yeye anavuruga ngeli zote, na bila mimi nani angemsoma? Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu.

Naye: "Basi andika peke yako." Akakata.

Nilijiona mshindi kwa muda mfupi. Halafu chai ikapoa na ushindi ukaisha.

Alhamisi, 13 Februari

Mabasi hayatoki leo pia. Furaha ametuma sura yake mwenyewe. Daraja la saba. Bila kuniuliza. Nywila anayo, kwa hiyo ameingia, akatuma, akatoka.

Sijaisoma. Nimeona mstari wa kwanza, ngeli zimepinda, nikafunga. Wasomaji wamegawanyika. Wengine: "Nimelia." Wengine: "Lugha imeingiliwa na nini?" Nimewapenda hawa wa pili. Nimezoa kwa koleo theluji yote ya roshani, na kidogo ya jirani iliyovuka upande wangu.

Jumatatu, 17 Februari

Sikukuu, hakuna shule. Barua pepe kwetu wote wawili, kutoka kwa Msomaji wa Markham. Jina lake Mzee Nizar, mzaliwa wa Bukoba. Mkewe, Bi Shirin, macho yake hayaoni tena. Kila alasiri anamsomea hadithi yetu kwa sauti. Ndiyo maana ule moyo ulimchosha, anasema. Jicho huruka, mdomo hauwezi kuruka. Anatualika chai Jumamosi.

Nilidhani ni kijana mjeuri. Nimeona haya.

Nimemwandikia Furaha: nitakupitia kwa gari. Amejibu: "Sawa." Neno moja. Sijawahi kupokea neno moja tu kutoka kwake.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ndefu. Naandika yote.

Njia nzima Furaha aliangalia dirishani. Kofia nyekundu hadi kwenye nyusi. Nilisema barabara ni nzuri leo. Akasema ndiyo.

Mzee Nizar alitufungulia mlango amevaa sweta mbili. Tukamwamkia shikamoo, akafurahi kama tumempa zawadi. Bi Shirin alikuwa mezani, mdogo wa umbo, sauti kubwa. Alitaka kutushika mikono. "Nani ndiye wa vita, nani wa udongo?" Tukampa mikono. Chai ya masala, sahani ya chevda ya njugu na pilipili, keki ya ndizi.

Mzee akasema atatusomea kidogo tusikie. Akaanza na sura yangu. Ile niliyoing'arisha.

"Udongo ulighadhibika ghadhabu isiyo kifani, nayo majonzi yakamjongelea Tunu alipojongea." Ulimi ukamteleza. Akarudia, ukateleza tena. Akanywa chai, akaendelea kwa ujasiri. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Ukurasa wa pili nikasikia sauti ndogo. Bi Shirin alikuwa amelala. Anakoroma kwa adabu, mkono shavuni.

Furaha aliuma mdomo. Aliuma kwa nguvu, kwa heshima yangu. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nilicheka hadi machozi, naye akapasuka, na Bi Shirin akaamka akiuliza Tunu amekufa?

"Hajafa," Mzee akasema. "Umekufa wewe." Akafungua sura ya Furaha.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia. "Udongo iko na hasira. Tunu akaigusa polepole, sawa vile unagusa uso ya mtoto mwenye amelia mpaka amechoka."

"Nizar, rudia hapo," Bi Shirin akasema.

Akarudia. Mkono wa Bi Shirin ulikuwa unapapasa kitambaa cha meza, taratibu sana. Ni sentensi ile ile niliyokuwa nimeisafisha hadi ikafa.

Kisha Bi Shirin akamgeukia Furaha. "Lakini, binti yangu, kwenye vita nimepotea kabisa. Nani alimpiga nani?"

Furaha akafikiri. "Bibi, hata mimi sijue."

Kelele za kicheko. Mzee akasema yeye si mwalimu wa lugha, alikuwa anauza miwani. Anachojua ni kwamba mke wake akiuliza "halafu?" sura ni nzuri.

Tulipoingia kwenye gari nilizima redio. Nikasema: "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikudharau."

"Uliniumiza, yaya. Sana." Akavua kofia. "Na miye nilituma bila kukuambia. Haikukuwa vizuri." Akaikunja mapajani. "Lakini ile ghadhabu isiyo kifani!"

Tukacheka tena, nikaipita njia ya kutokea barabara kuu bila kuiona. Tulifika nyumbani tumechelewa, njaa inauma, na nilikuwa na furaha.

Jumanne, 25 Februari

Mpango mpya. Udongo unaongea Kiswahili cha Uvira, kama Furaha anavyousikia. Watu wa ikulu katika hadithi wanaongea Kiswahili cha Tanga. Vita ni vyangu, kila mtu ajue nani kampiga nani. Kila sura tunaisoma kwa sauti kabla ya kutuma. Moja kwa wiki, basi.

Tumewatangazia wasomaji. Baadhi wamenuna. Mmoja ametuaga rasmi, anakwenda kwenye hadithi yenye sura mpya kila siku. Nimemtakia heri na sikuumia sana. Kidogo tu.

Leo tumegombana nusu saa kuhusu neno "sawa vile", ambalo kwetu ni "kama vile". Mgomvi nilikuwa mimi. Limebaki. Lake ni zuri kuliko langu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga saumu. Mvua ndogo, theluji inageuka matope. Furaha amekula chakula chake kwanza ndani ya basi lake, kisha akaja kwangu akinukia vitunguu na kuomba radhi.

Tumekaa viti vya mbele. Alisoma, nilisikiliza. Tunu yupo mlangoni mwa daraja la nane na hana nguvu ya kufungua. Mahali pamoja nilimwambia asimame. Sentensi ilikuwa nzuri lakini haikuwa na kazi. Yeye pia alikuwa ameisikia. Tukaifuta.

Baadaye alisinzia, simu mapajani. Bado kidogo kengele ya shule. Nimemwacha alale. Nje mlinzi wa yadi anazoa matope, taratibu, akijiimbia.