Usingizi wa Lolo Amado

Jumatatu, 5 Juni

Mvua tangu asubuhi. Babu yetu wa kitanda cha dirishani, Lolo Amado, nimemwamsha tena alfajiri nimpime joto. Joto la nini? Hana homa wiki nzima! Ila utaratibu ni utaratibu. "Nilikuwa shambani, Inday," kalalamika, "mpunga umeiva, ukanitoa." Mchana kamwita mkewe kwa jina la nyati wake wa kulimia. Daktari kasema ni kukosa usingizi, akizidi kuchanganyikiwa hatarudi nyumbani na akili zake. Nimelia chooni.

Jumatano, 7 Juni

Nimeshuka maktaba ya hospitali. Manang Purita, dada yetu mkutubi mpya, kahamia kutoka maktaba ya shule ya msingi juzijuzi — bado anatunyamazisha kama watoto. Kaniuliza natafuta nini. Nikasema, nataka mtu alale. Hakucheka! "Basi usiiulize dunia nzima, Inday. Uliza swali la wodi yako." Tukalikandakanda swali mpaka likakaa, tukatafuta, akanichapia karatasi za utafiti. Kumbe kuna wodi huko duniani wanawaacha wagonjwa waliotulia walale, bila kuwaamsha kuwapima! Ijumaa ni zamu yangu kufundisha kwenye darasa letu la wauguzi. Mkuu wa wodi, Madam Gorgonia, akikubali tu...

Nimeota macho wazi: wodi nzima inakoroma, mapazia yanapanda na kushuka, mpunga unaota chini ya vitanda.

Ijumaa, 9 Juni

Ole wangu! Manang Purita kaja darasani na sinia la tambi. Tambi! Hospitalini! Tukaganda wote. Muuguzi gani asiyejua — ukila tambi kazini, wagonjwa humiminika bila kukoma. Yeye maskini, kwao tambi ni ishara ya maisha marefu.

"Kuleni basi, mbona mnaziangalia kama nyoka?"

"Manang, unatutakia mabaya?" Madam huyo.

Alipoelezwa, Manang kauliza kwa dhati kabisa, kalamu mkononi: ushahidi wa jambo hilo uko wapi, au amtafutie maktaba? Nilikaribia kupasuka kwa kicheko. Nikaanza kusoma karatasi zangu. Hata ukurasa sijamaliza — ving'ora! Jipni ya abiria imepinduka karibu na soko la Jaro. Wote mbio. Madam akinipita: "Karatasi zako na tambi zake, vikae hukohuko!"

Manang kabaki na sinia, machozi yanamlengalenga. Nikatia tonge mdomoni mbele yake. Liwalo na liwe. Zilikuwa tamu, jamani.

Jumamosi, 10 Juni

Alfajiri. Naandika nimesimama, kwenye kabati la dawa. Vitanda hadi koridoni. Mvua imekatika. Na Lolo Amado amelala — amelala kwelikweli! Midomo inachezacheza, anamwita nyati wake.

Madam huyo anakuja, kipimajoto mkononi. Sijui nimzuie vipi.

Ngoja. Mfukoni mwake zinachungulia karatasi. Zangu! Zina doa la mafuta ya tambi.

Amefika kwa Lolo. Ameshika pazia. Amesimama tu, kipimajoto amekishusha, anamsikiliza anavyohema —