Sauti Yangu Imewafikia Wateja wa Dada

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hata kula siwezi. Mimi ni fundi makochi, kazi nimefundishwa na dada yangu mwenye karakana, na mwaka jana mchumba wangu aliponiacha nikajiunga na kundi moja la wanaume mtandaoni, mwanzoni wakanipa pole ambayo hata nyumbani sikuipata, wakaniita kamanda, halafu taratibu kila mwanamke akawa adui, nami ili nionekane mwanaume kamili nikawa natuma ujumbe wa sauti kumsema dada, kwamba kaachika kwa kiburi chake, kwamba mwanamke hawezi kuvuta kitambaa cha kochi kikanyooka bila mwanaume kumshikia. Sasa simu yangu iliharibika nikawa natumia ya karakana, yenye kundi la wateja tunaowatumia picha za makochi yaliyokamilika, na asubuhi moja, badala ya picha, nikawatumia wateja wote sauti yangu ya kumsema dada.

Dada alichukua simu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika: "Wateja wetu, samahani, simu ilichezewa. Makochi ya Jumamosi yako palepale." Akanirudishia, akasema, "Fundi, ule mkono wa kochi haujabana." Siku zote huniita mdogo wangu. Siku ileile niliwaambia wazi wale wanaume kwamba nilimsingizia dada, wakanitukana mpaka basi, nikatoka kwenye kundi lao. Lakini hii ni wiki ya tatu naitwa fundi. Niombe msamaha, au nikikaa kimya yatapita yenyewe?

Fundi Makochi

Fundi, na mimi nakuita hivyo makusudi.

Kwanza pokea sifa zako. Watu wazima na ndevu zao wameshindwa kusimama mbele ya wenzao wakasema "nilidanganya." Wewe umesema, ukatukanwa, ukatoka. Nimefurahi kweli. Na kwenda kutafuta pole si kosa. Kosa ni kuilipia kwa jina la dada yako.

Lakini usinichekeshe. Watu usiowajua hata sura umewaambia ukweli siku ileile, halafu huyu unayeshinda naye, mnavuta kitambaa kimoja, unaniuliza mimi kama umwambie?

Dada yako namvulia kofia. Wateja wanaijua sauti yako, hakuna aliyedanganyika pale. Alikusitiri tu, na hata nyundo hakukunyang'anya. Usidhani amesahau. Anasubiri uanze wewe.

Kesho, kabla hamjafungua, mwambie. Yarudie maneno yenyewe uliyomsema, usiyapunguze makali, kisha useme ni uongo. Usilie ili yeye ndiye akubembeleze, na mchumba usimtaje kabisa. Akikuruhusu, waeleze wateja kwa sauti yako ileile ni nani aliyekufundisha kazi. Akinyamaza, kaa ufanye kazi. Akikufukuza, ondoka bila ubishi, na kesho yake, saa ya kufungua, uwe mlangoni.