Miguu ya Adela

Kadutu, siku ya pili ya juma, 1957

Tena huyu Adela, jirani yetu. Sisi wawili tuko na mimba ya miezi saba, lakini yeye kila asubui anashuka shambani na jembe kwa bega. Mimi bwana yangu amenikataza kutoka, sababu ya gripi hii, homa ya mafua inayolaza watu mutaa wetu wote wa cité. Miguu imenivimba kwa kukaa.

Leo alipita, bwana akamuangalia, akasema: «Huyu atazaa bila taabu.»

Nilisikia moto mu roho. Bwana alipokwenda kazi, nikatoka, nikamufuata Adela mpaka kwenye mihogo yake, nikihema kama muzee.

«Maman, simama pale mbali!» alinipigia kelele. «Bwana yangu iko na gripi tangu juzi. Nikikaa nyumbani, watoto watakula nini? Wewe uko na mutu wa kukukataza. Mimi, nani ataniuliza?»

Nilimuhurumia kweli. Na sasa naogopa, kama nimemuletea mutoto wangu wa tumboni ile gripi…

Lakini wakati wa kurudi, Adela alipanda mulima na mihogo kichwani, akaniacha nyuma kabisa. Nikamuonea wivu kuliko asubui.